Hofu Haitoki kwa Fimbo

Kazi yangu ni ukarani wa parokia. Kutwa naandika majina: ya wabatizwa, ya wanaofunga ndoa, na ya marehemu wetu. Mtu wa kazi hiyo husikia mengi, maana ajaye kuchukua cheti huja pia na habari za nyumbani kwake. Majira haya ya vuli nimesikia habari moja mara tatu, kutoka vijiji vitatu mbalimbali: mbwa ameuawa kwa kuwa "amepata kichaa". Nilipouliza alifanya nini, kila mara nilijibiwa karibu maneno yale yale. Radi ilipiga, mbwa akaingia ndani mbio, akajificha mvunguni, akataka kumwuma mtu aliyekwenda kumtoa.

Sikuwabishia wale walionipa habari, maana mbwa wenyewe walikwisha kufa. Lakini moyo uliniuma, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa karibu sana kufanya jambo hilo hilo. Tena kosa langu halikuanza siku ile ya kushika panga; lilianza miezi mingi kabla. Basi leo naomba nafasi kidogo niwaeleze habari za mbwa wangu, na jinsi nilivyojifunza kwa hasara kwamba hofu ya mnyama ni hofu kweli, wala si ukaidi.

MBWA WA GUNIA

Sisi wa Kagera twakaa ndani ya vibanja vyetu vya migomba na kahawa. Migomba ni chakula na kivuli, lakini pia ni ukuta. Jirani aweza kuwa hatua mia toka kwako usimwone, na mwizi vile vile. Kwa hiyo nyumba nyingi hupenda kuwa na mbwa.

Mwaka 2020 nami nilimpata wangu. Alikuwa amekwisha kutimiza miezi minne, na muda huo wote alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba ya watu, chini ya kichanja cha kuanikia kahawa. Hakupata kushikwa na mtoto, hakupata kuzoea mgeni, wala hakujua pikipiki ni kitu gani. Nilimtia katika gunia, nikamfunga nyuma ya baiskeli, nikaenda naye mwendo wa saa nzima. Yeye alikuwa akilia ndani ya gunia, na mimi nikipiga mluzi kwa furaha.

Nilimwita Simba. Siku ile ile ya kwanza jogoo wetu alimfukuza uwanjani mara mbili, na watoto wakacheka hata machozi yakawatoka.

Nilimfuga kama baba yangu alivyofuga mbwa wake: makombo jioni, kamba mchana, na fimbo akikosa. Sikuona ubaya wowote. Nilisema moyoni, mbwa wangapi wamefugwa hivyo na nyumba zikalindwa?

MAKOSA YANGU

Masika ya mwaka 2021 yalikuja na radi nyingi. Kwetu, karibu na Ziwa Viktoria, radi si mgeni. Ikipiga juu ya paa la bati hata mtu mzima hukatiza maneno yake. Usiku wa radi ya kwanza Simba alikata kamba, akausukuma mlango, akaingia mvunguni mwa kitanda chetu. Alitetemeka hata kitanda kikatikisika, kisha akakojoa juu ya viatu vyangu vya Jumapili. Nilikasirika. Nilimburuta nje kwa ukosi, nikampiga, nikamfunga tena mvuani. Nilijiambia, "Ajue kwamba ndani si pake."

Radi ya pili ikaja, naye akaingia tena, nikampiga tena. Baadaye niliona mambo mapya. Alianza kutetemeka hata kabla ya radi, mara upepo ulipovuma migombani na mbingu kuwa nyeusi. Tena alijikunyata kila nilipoinua mkono kutundua kofia yangu msumarini. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, naona mbwa huyu anakuogopa wewe kuliko radi." Nikamjibu kwamba ndivyo itakiwavyo.

Siku moja, nilipomnyoshea mkono mvunguni, alinguruma. Hilo nililiona ni uasi mkubwa. Nilimpiga mpaka akanyamaza, na tangu siku ile hakunguruma tena. Nikajisifu mbele ya jirani zangu kwamba nimemfunza adabu. Lo! Nilikuwa kama mtu asikiaye mbiu ya moto, akaenda kumpiga mpiga mbiu, na moto akauacha uwake.

Usiku mmoja wa Novemba mwaka ule ule radi ilipiga karibu sana. Mimi nilikuwa nje nikiwafunga mbuzi. Simba alikimbilia mvunguni kama desturi yake. Binti yetu, wakati ule mwenye miaka 6, alimhurumia. Akalala kifudifudi, akaingiza mkono ili ampapase. Simba hakunguruma. Angengurumaje, na mimi nilikwisha kumkataza? Alimwuma mtoto mkononi, chini ya kiwiko, meno yakaingia.

Kilio kile sitakisahau. Kaka yangu, ambaye nyumba yake ni jirani, alifika na panga mkononi akisema, "Huyu ana kichaa, auawe sasa hivi." Nami nilikubali, nilikwisha kushika kamba. Ndipo mke wangu, aliyekuwa akiuosha mkono wa mtoto, aliposema bila kugeuka, "Shemeji, mkimwua tutajuaje kama alikuwa na kichaa? Mfungeni. Kesho tumwulize bwana mifugo."

Aliendelea kuosha kwa sabuni na maji mengi yanayomiminika, robo saa nzima, ingawa mtoto alilia na mimi nilisema yatosha. Hakutia majivu, wala mafuta, wala dawa ya majani.

SIKU KUMI

Hapa naomba kila mzazi anisikilize vema. Kichaa cha mbwa kikianza kuonyesha dalili zake kwa mtu, karibu kila mara humwua. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na wengi wao ni wa Asia na Afrika. Watu wapatao 40 katika kila 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto wasiotimiza miaka 15. Lakini aliyeumwa akioshwa jeraha mara moja, tena akachanjwa upesi, huokoka. Chanjo hiyo si jambo jipya. Tarehe 6 Julai 1885, huko Ufaransa, Louis Pasteur alisimamia kuchanjwa kwa mtoto wa miaka 9 aitwaye Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa, naye akapona. Habari hiyo nilimsimulia binti yangu wakati wa sindano, akaniuliza kama yule mtoto alilia. Nikamwambia, nadhani alilia.

Alfajiri mke wangu na mtoto walipanda pikipiki kwenda hospitali, na sindano ya kwanza ilitolewa siku ile ile. Nami niliwafuata kwa baiskeli. Mwuguzi aliniuliza, "Mbwa wako amechanjwa? Kadi yake iko wapi?" Wasomaji, niliona aibu. Mimi niwaandikiaye watu tarehe za maisha yao yote, tangu ubatizo hata maziko, sikuwa na karatasi hata moja ya mbwa alalaye mlangoni pangu. Mtoto alirudi kwa sindano zaidi siku alizopangiwa, na fedha zilizotumika zilikuwa zile nilizoziweka akiba kwa mabati ya jikoni.

Bwana mifugo alifika mchana. Watu wa kwetu huniita Mwalimu kwa kuwa nilimaliza chuo cha ualimu, ingawa kazi yangu ni ya ofisini. Alisema, "Mwalimu, msimwue. Mfungeni mahali peke yake, apate chakula na maji, asiguswe na mtu. Mtazameni siku kumi. Kama mate yake yalikuwa na kichaa siku aliyouma, hatazimaliza siku hizo bila kuugua au kufa. Lakini mtoto asingoje, sindano ziendelee."

Nikamwuliza, "Na kama hana kichaa, mbona aliuma?"

Akaniuliza ninavyomtendea wakati wa radi. Nikamweleza yote, hata habari ya kunguruma. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi, Mwalimu, umekwisha kujijibu."

Siku kumi zile nilimtazama mbwa wangu kuliko nilivyomtazama mwaka mzima. Kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini nilisimama mbali nikiangalia: je, anakula? Anakunywa? Anameza vema? Miguu ya nyuma ina nguvu? Nilimtazama kwa woga wa baba, kwa sababu ya mtoto. Lakini mtu hawezi kumtazama kiumbe siku kumi asimjue. Niliona kwamba kila niliposogea, Simba alifanya mambo yale yale kwa taratibu ile ile. Kwanza aligeuza uso pembeni. Kisha alijilamba pua, au kupiga miayo ingawa hakuwa na usingizi. Kisha masikio yalilala nyuma, mkia ukafyata, mwili ukashuka chini, na weupe wa macho ukaonekana. Hayo yote alikuwa akiniambia tangu siku ya gunia: "Tafadhali, usije karibu." Nami sikujua kusoma.

LORI LA NDIZI

Siku ya tano, nikiwa uani, lori la ndizi lilipita barabarani likitikisa ardhi. Simba alijibanza ukutani. Nami, wasomaji, nilijikuta nimekwisha kupiga hatua mbili kuuelekea uwanja, mbali na nyumba. Tulitazamana, mimi na mbwa.

Wenzangu wa Kagera watanielewa. Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, yapata saa tisa na nusu alasiri, ardhi ilitetemeka. Lilikuwa tetemeko la kipimo cha 5.9. Watu walikufa, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba zilibomoka au kupasuka. Mimi nilikuwa nikipanga vitabu ofisini. Kabati liliniangukia karibu na mguu. Sikuumia hata kidogo. Lakini kwa miezi mingi baada ya hapo, lori likipita na vioo vikilia, nilikuwa nje kabla sijawaza. Mara moja nilitoka mbio mbele ya watu waliokuja kuandikisha ndoa, muhuri wa parokia ukiwa mkononi mwangu.

Je, kuna aliyesema, "Mchapeni karani huyu ili azoee"? Hakuna. Padre aliniletea kiti nje, akaniletea na chai, akakaa karibu nami bila maneno mengi. Mke wangu alikubali tulale karibu na mlango. Hakuna aliyeniita mkaidi, maana wote walijua kwamba sikuchagua kukimbia. Miguu ilikimbia yenyewe. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Anayeshtuka hakushauriana na akili yake kwanza.

Sasa nikajiuliza: kama mimi, mtu mwenye akili na elimu, nilihitaji kiti, chai na muda, kwa nini mbwa nilimpa fimbo na kamba mvuani?

Siku ya kumi ilifika. Simba alikula, akanywa, akatikisa ncha ya mkia. Hakuwa na kichaa. Alikuwa na hofu tu, na sehemu kubwa ya hofu ile niliitia mimi.

NILIYOPASWA KUJUA

Chuoni tulijifunza habari za Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wa jinsi chakula kinavyosagwa tumboni. Aliona kwamba mbwa wake walianza kudondosha mate kabla ya chakula kufika, kwa kusikia au kuona alama iliyozoea kutangulia chakula. Jina lake tulilikariri kwa ajili ya mtihani, nami nilipata maksi nzuri. Wala sikuwaza hata mara moja kwamba habari ile ilikuwa ya mbwa, na kwamba mbwa nitamfuga nyumbani. Kwa Simba, upepo wa migombani na giza la mawingu vilikuwa alama ya radi. Tena mimi nikaongeza alama nyingine: radi ikaja, na fimbo ikaja. Basi hofu moja ikazaa ya pili.

Nilijifunza pia kwamba mtoto wa mbwa ana majira yake ya kuzoea dunia, tangu juma la tatu hivi mpaka kama la kumi na mbili au kumi na nne. Mwaka 1961 wachunguzi wa Marekani walitoa habari za watoto wa mbwa waliolelewa uwanjani bila kushikwa na watu. Waliokutanishwa na watu mapema walizoea. Walioachwa mpaka juma la kumi na nne walikuwa kama wanyama wa porini. Majira hayo Simba aliyamaliza chini ya kichanja. Samaki mkunje angali mbichi. Lakini kumkunja si kumpiga. Ni kumpapasa mdogo huyo kwa upole, kumwonyesha watoto, wageni, kuku, baiskeli, ngoma, na sauti za kila namna, kidogo kidogo, asitishwe.

Na jambo la tatu ndilo lililonichoma zaidi. Mbwa anayenguruma anatupa nafasi. Anasema, "Naogopa, rudi nyuma." Ukimpiga kwa kunguruma, hofu haitoki, kunatoka onyo tu. Mbwa wa namna hiyo ndiye aumaye "bila sababu", kama watu wasemavyo.

KAZI YA DAGAA

Baada ya siku zile kumi mke wangu na mimi tulishauriana, tukakubaliana Simba abaki, kwa masharti. Tulimchanja. Tulimfanyia banda dogo nyuma ya ukuta wa jiko, mahali pakavu na penye joto, lenye magunia ndani na mlango mwembamba. Tukaweka amri ya nyumba: Simba akiwa bandani, haguswi wala haitwi na mtu yeyote, mkubwa kwa mdogo. Mwenye hofu anahitaji pango lake.

Kisha nikaanza kazi yenyewe. Majira ya mvua nilikuwa nimesimama barazani na simu yangu, nikainasa sauti ya radi. Siku za jua niliifungulia sauti ile kwa chini sana, hata mimi mwenyewe niliisikia kwa shida, na papo hapo nikamtupia Simba dagaa mmoja. Sauti, dagaa, sauti, dagaa. Dakika chache tu, kisha basi. Baada ya siku nyingi niliongeza sauti kidogo. Kama aliacha kula, nilijua nimekwenda haraka, nikapunguza, maana mbwa aliyeshikwa na hofu kubwa hali hata umpe nyama. Hiyo ndiyo mizani yangu: kinywa chake.

Na mkono wangu pia ulihitaji kufundishwa. Kila nilipotundua kofia niliacha dagaa sakafuni, nikaenda zangu bila kumtazama usoni. Sikumwendea tena moja kwa moja nikiwa nimemwinamia. Nilichuchumaa pembeni, nikangoja aje mwenyewe. Alikuja baada ya juma la tatu. Alinusa kiatu changu, akarudi nyuma, akanusa tena. Karani mzima, nilikaa kimya kama mwizi kwa furaha.

Wapo walionicheka. Mzee mmoja aliniuliza, "Mbwa anayebembelezwa atalinda nini?" Swali lake ni la haki, nami nalijibu. Mbwa mwenye hofu hubweka kwa kila kitu: jani, kivuli, mtoto wa jirani. Mwisho wenye nyumba huacha kumsikiliza. Simba wa sasa hubweka kidogo, na akibweka mimi huamka. Wengine walisema kumtuliza mbwa wakati wa radi ni kumdekeza, ataogopa zaidi. Sivyo. Hofu si mchezo afanyao ili apate zawadi. Akija karibu nawe, keti umtulie, sema naye kwa sauti ya kawaida. Asipokuja, mwache pangoni mwake. Wala msimpe pombe, au vidonge vya watu. Mbwa wapo waliokufa kwa dawa za binadamu. Kama hofu inamzidi hata anajiumiza, mwiteni bwana mifugo au daktari wa mifugo.

HOFU YA BINTI YANGU

Nimebakiza jambo lililokuwa zito kuliko yote. Jeraha la binti yetu lilipona, lakini hofu haikupona. Hakuweza kwenda chooni kama Simba alikuwa huru. Akisikia mnyororo, alipanda juu ya kiti. Nami, mzazi mwenye haraka, siku moja nilimshika mkono nikataka kumvuta kwa Simba ili "aone kwamba hana neno". Alikaza miguu, akageuza uso pembeni, macho yakawa meupe.

Nikamwachilia mara moja. Uso ule nilikwisha kuuona, siku kumi mfululizo.

Basi tulitumia njia ile ile. Hakuna aliyemlazimisha. Kwanza alikaa mlangoni, na Simba amefungwa mbali, karibu na mgomba wa mwisho wa uwanja. Alimtupia dagaa kutoka pale, akaingia ndani. Kesho tena. Umbali aliupanga yeye mwenyewe: aliweka jiwe mahali pa kusimama, na kila alipopenda alilisogeza mbele kidogo. Siku nyingine alilirudisha nyuma, nasi hatukusema neno. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miezi minne. Sikujua kwamba kusogeza jiwe hatua moja kwaweza kumfurahisha baba hivyo.

Masika ya mwaka 2022, jioni moja mawingu yalikusanyika upande wa ziwa. Simba aliingia bandani mwake bila kukata kamba wala kuvunja mlango. Radi ilipoanza nilimtafuta binti yangu, nikamkuta ameketi kwenye kizingiti cha jiko, hatua tatu toka bandani. Hakunyosha mkono. Alikuwa akihesabu kwa sauti, tangu umeme kumulika mpaka radi kulia, kama nilivyomfundisha: ukihesabu mpaka tatu hivi, umeme umepiga umbali wa kilomita moja. "Simba," akasema, "nimefika saba. Inakwenda zake."

Sitawadanganya, Simba hakupona kabisa. Radi ya juu ya paa bado humtetemesha, na labda itakuwa hivyo mpaka uzee wake. Lakini hakimbii hovyo, hakojoi viatuni, na hajauma tena. Akichoka na watu, hunguruma kidogo. Watoto wetu wote wanajua maana yake: wanarudi nyuma, wanamwacha.

NENO KWA WENYE MBWA

Ndugu zangu, yafaa tukumbuke haya. Mbwa akiuma mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayomiminika kwa muda wa robo saa, kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa aonekana mzima. Msiamue kwa macho yenu wenyewe kwamba hana kichaa, wala msiamue kwamba anacho. Mbwa aliyebadilika tabia ghafula, anayedondosha mate, asiyeweza kumeza, anayetangatanga na kuuma hata miti, mkimbieni na kutoa habari upesi. Lakini yule aliyeingia mvunguni kwa sababu ya radi, ambaye radi ikipita hutoka akala chakula chake, huyo ni mwoga tu. Mchanjeni kila mwaka, mpeni pango lake, na fundisheni watoto wasimguse mbwa aliyejificha, anayekula, au mwenye kunyonyesha.

Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto aliyejaa hofu hawezi kujifunza, maana akili yake yote imo miguuni. Nililiandika neno hilo daftarini, na daftari ninalo mpaka leo. Lakini nilihitaji mbwa, na mkono wa mwanangu, ili nilisome tena.

Mbwa hafi maji akiona ufuko, ndivyo wasemavyo watu. Simba wangu alikuwa akiogelea siku zote, na kila alipouelekea ufuko alinikuta nimesimama pale na fimbo. Fimbo ile niliitia jikoni mwaka 2021, ikachemsha maharagwe. Na kadi ya chanjo ya Simba naitunza sanduku moja na vyeti vya ubatizo vya watoto. Nimeiandika kwa mwandiko wangu wa ofisini, tarehe zote zi mahali pake.

Karani wa Parokia,
Kagera